Karabai ya Shaba

Jioni za kiangazi hapa Simbo, muda mfupi baada ya sala ya magharibi, wakati moshi wa mapipa ya kuchemshia chikichi umekwisha kutulia juu ya mashamba na upande wa Ujiji taa zimeanza kuwaka moja moja, kuna siku hutokea nyota ambayo si nyota: huzuka upande wa kusini-magharibi, juu ya milima ya Kongo, ikapanda mbinguni bila kumetameta wala mlio, ikapita utosini petu na kushuka kaskazini-mashariki, na safari yake yote haizidi dakika sita. Watu wa mikoa mingine, ambao utani wao juu ya Kigoma haujawahi kuvuka habari ya ungo, wangesema papo hapo kwamba huyo ni mwenzetu anakwenda zake Dar es Salaam bila tikiti. Jirani yangu mmoja, mzee aliyevua dagaa miaka thelathini na ushei kabla ya kuacha ziwa na kuja huku kulima michikichi, yeye huiita taa ya ng'ambo, kwa kuwa daima hutokea upande wa magharibi. Na jina hilo, kama nitakavyojaribu kueleza, lina haki kubwa kuliko mwenyewe anavyodhani.

Taa hiyo ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, jumba lenye urefu wa mita 109 na uzito wa tani mia nne na zaidi, ambalo tangu tarehe 2 Novemba 2000 halijakosa watu ndani yake hata usiku mmoja. Huelea kiasi cha kilomita 400 juu ya vichwa vyetu, na mng'ao wake si wake, bali ni wa jua, ambalo kwetu sisi limekwisha kuzama lakini kwa walio juu kiasi hicho bado linawaka. Mwendo wake ni wa kilomita 28,000 kwa saa. Akili ya binadamu haizoei hesabu kama hiyo, basi tuipime kwa vipimo vya nyumbani: urefu wote wa Ziwa Tanganyika, kilomita 673, hulimaliza katika dakika moja na nusu, na masafa ya Kigoma hadi Dar es Salaam, ambayo abiria wa reli ya kati aghalabu huyala kwa siku mbili akiwa na kikapu cha chakula mapajani, lenyewe huyakata kwa dakika mbili na nusu.

Jinsi jumba hilo lilivyojengwa, watu wa Kigoma hawahitaji kuelezwa sana, maadamu marikebu ya Liemba ilijengwa kwa namna hiyo hiyo. Mwaka wa 1913 iliundwa huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa tena vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka kwetu, ikaunganishwa hapa hapa na kushushwa majini mwaka wa 1915. Kituo cha anga nacho kilipelekwa kwa makasha: kipande cha kwanza kilirushwa na Warusi mwezi Novemba 1998, vingine vikafuata kwa miaka zaidi ya kumi, na mafundi wakaviunganisha wakiwa wamevaa mavazi mazito kama ya mzamiaji. Wachina nao, ambao hawakukaribishwa katika ushirika huo, wamejenga chao, Tiangong, kilichotimia mwaka wa 2022, nacho pia hupita juu yetu.

Huulizwa mara nyingi kwa nini hakianguki. Jawabu ni kwamba kinaanguka, tena hakiachi kuanguka. Ukisimama juu ya kilima cha Bangwe ukarusha jiwe, litadondoka karibu. Ukilirusha kwa nguvu zaidi, litadondoka mbali zaidi. Na lau mkono wako ungekuwa na nguvu ya kulirusha kilomita karibu nane kwa kila sekunde moja, na hewa isiwepo ya kulizuia, basi kila lilivyoinama kuelekea chini dunia nayo ingekuwa imejipinda na kulikwepa kwa kiasi kile kile, nalo lingebaki linazunguka. Kazi yote ya roketi ni kuwa mkono huo.

Na hapo ndipo ninapofikia ng'ambo. Waliozaliwa baada ya mwaka 1980 hawajui, na waliozaliwa kabla wengi wamesahau, ya kwamba katika nchi ile ile inayotazamana nasi, kusini zaidi, katika jimbo la Zaire lililoitwa Shaba wakati ule na ambalo ndilo Katanga, palipata kuwapo kiwanja cha kurushia roketi. Kampuni iliyoitwa OTRAG, iliyoasisiwa Ujerumani Magharibi mwaka wa 1975 na mhandisi Lutz Kayser, ilipatana na Rais Mobutu ikakodishwa nchi yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 100,000, yaani zaidi ya mara mbili ya mkoa wetu wote wa Kigoma, mpaka mwaka wa 2000. Makubaliano yaliyotiwa saini yaliipa kampuni mamlaka ambayo serikali yenye kujiheshimu haimpi mpangaji wake. Mwenyekiti wa halmashauri yake alikuwa Kurt Debus, mtu aliyekuwa zamani mkuu wa kituo cha Wamarekani kilichorusha watu mwezini. Juu ya uwanda ulioinuka kandokando ya bonde la mto Luvua, mahali paitwapo Kapani Tonneo, Wajerumani hao walisawazisha uwanja wa ndege, wakajenga mnara, wakaanza kuunganisha mabomba.

Nasema mabomba kwa makusudi, kwa kuwa hicho ndicho kilichokuwa kiini cha hikima ya Kayser. Roketi za mataifa makubwa zilikuwa ghali kama vito, kila moja ikifinyangwa na mafundi wachache kwa miaka. Yeye alitaka roketi ya bei ya duka la vifaa. Akachukua mabomba membamba ya chuma, upana wake sentimita 27 tu, akayafunga pamoja mfano wa mzigo wa kuni. Aliyetaka kurusha kitu kidogo angefunga mabomba manne, na aliyetaka kurusha kikubwa angeongeza mpaka mzigo utoshe. Ndani hakutia pampu, kwa sababu pampu za roketi ndizo zinazokula fedha na ndizo zinazoharibika. Alijaza bomba mafuta kwa sehemu, akashindilia hewa katika nafasi iliyobaki, nayo hewa hiyo ndiyo iliyosukuma mafuta na asidi ya nitriki chini mpaka chumba cha moto, ambako vilichanganyika na kuwaka. Vali za kufungulia na kupunguza aliziendesha kwa mota ndogo za kupangusia vioo vya motokaa. Roketi haikuwa na usukani. Ikitakiwa kupinda kushoto, moto wa mabomba ya upande mmoja ulipunguzwa kidogo.

Nilipomsomea mzee jirani yangu maelezo haya hakustaajabu kama nilivyotaraji. Aliingia ndani akatoka na karabai yake ya zamani, ya shaba, iliyokwisha kuingia kutu shingoni, akaiweka juu ya mkeka. Akanionyesha tangi la mafuta ya taa chini, ambalo halijazwi mpaka juu. Akanionyesha kipampu cha mkono pembeni, ambacho hakisukumi mafuta bali hushindilia hewa juu ya mafuta. Akanionyesha kijibomba ambamo mafuta hupanda yenyewe kwa kukandamizwa, mpaka kwenye utambi wa kitambaa yanapowaka kwa mvumo. Kwa taa hiyo hiyo, usiku wa giza ambao mwezi haupo, amekusanya dagaa miaka yake yote ya uvuvi, kabla ya vijana kuleta taa hizi za betri na sola ambazo hazivumi wala haziunguzi mkono. Basi mwalimu wa fizikia asingeweza kunifunza zaidi: chombo cha Shaba kilikuwa karabai iliyogeuzwa, moto ukiwa chini badala ya juu.

Karabai hiyo iliwashwa mara tatu. Tarehe 17 Mei 1977 iliruka. Tarehe 20 Mei 1978 iliruka tena. Na tarehe 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe akiwa amekaa kutazama, iliinuka, ikainama, ikaangukia bondeni. Lakini si kuanguka huko kulikoiua. Urusi ilipiga kelele kwamba Wajerumani wanajaribu silaha kwa siri katikati ya Afrika, nchi jirani zikaingiwa na wasiwasi, Ujerumani Magharibi yenyewe ikaona haya, na mwaka wa 1979 Mobutu akavunja mapatano. Kampuni ikahamia Libya, na huko nako haikudumu. Mimi sikubaliani na wanaosema kuwa hasara ilikuwa ya Kayser peke yake, wala na wanaosikitika kwamba Afrika ilipoteza bahati. Kwani hakuna popote nilipoona kwamba mwenyeji wa Luvua alitakiwa katika shughuli ile kwa jambo jingine zaidi ya kubeba, kufyeka na kuhama.

Kilichotakiwa ni mahali. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kadiri mtu anavyokaribia ikweta ndivyo mzunguko huo unavyomchukua kwa kasi. Roketi iliyosimama tuli hapa Kigoma, kabla haijawashwa, tayari inakwenda mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kila saa, nayo huuchukua mwendo huo bure kama jahazi lichukuavyo msimu. Kasoro ya Luvua, ambayo sijaona ikitajwa na wengi, ni kwamba mashariki yake hakuna bahari. Roketi kubwa iliyoelekezwa upande huo ingelazimika kupita juu ya ziwa na kisha juu ya Tanzania yote mpaka pwani, na mabomba yaliyokwisha mafuta yangedondoka njiani, juu ya nani sijui.

Waitaliano walikuwa na busara zaidi. Wao walisimamisha majukwaa yao majini, karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ambako mashariki ni Bahari ya Hindi tupu, na kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 wakarusha setilaiti kutoka hapo. Mashuhuri kupita zote iliruka tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Nayo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kuchungua mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota, na ilisaidia kuwathibitishia wanafalaki kwamba mashimo meusi yapo. Huko Tunguu, Unguja, Wamarekani walikuwa na kituo cha kuwafuatia wanaanga wao: John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, sauti yake ilipokewa hapo. Watu wa Unguja hawakukipenda, wakikishuku kuwa ni mlango wa vita, na baada ya Mapinduzi serikali ya Karume ikakiondoa mwaka huo huo wa 1964.

Tukirudi katika zama zetu, ajabu ni kwamba mambo mawili ya Kayser yamerudi katika mikono ya wengine: kampuni ya mtu binafsi, na mzigo wa injini nyingi. Roketi ya Falcon 9 huruka kwa injini tisa zilizofungwa pamoja, na ile kubwa ya Starship husukumwa kutoka chini na injini 33. Tofauti ni kwamba wao hawakuikimbia pampu, na tena hawakitupi chombo: tangu Desemba 2015 sehemu ya chini ya Falcon hurejea na kutua wima, ikasafishwa, ikaruka tena. Na inachochoma, pamoja na hewa ya oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa maji, ni mafuta ya taa, ndugu wa yale ya kwenye karabai, ila yamechujwa sana.

Kwa mlango huo wa bei nafuu majirani zetu wameingia. Falcon ndiyo iliyochukua Taifa-1 ya Kenya tarehe 15 Aprili 2023, ikapige picha za mashamba na mafuriko. Kabla yake Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kisanduku chake kidogo, mwaka 2018. Rwanda ikafuata mwaka 2019. Uganda mwaka 2022, kwa kisanduku kilichoundwa na vijana wake waliokuwa wakisoma Japani. Vitatu hivi vilitupwa angani kutoka kituo kile kile kinachopita juu ya Simbo, kupitia chumba cha Wajapani kiitwacho Kibo. Kwa Kijapani neno hilo maana yake ni matumaini. Sisi tulikuwa nalo zamani, juu ya Kilimanjaro, kwa maana ya theluji na mwamba.

Si kwamba kila kipitacho juu hubaki juu. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita mbili na nusu na uzito wa kilo zipatazo 500 iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya, wala hakuumia mtu.

Kituo nacho kimekwisha kupangiwa ajali. Kimechakaa, kinavuja hewa mahali mahali, na Wamarekani wameiagiza kampuni ya Falcon chombo cha kukikokota kishuke baada ya mwaka 2030, kiungue njiani, na masalia yake yaangukie pande za Bahari ya Pasifiki zilizo mbali na nchi kavu yoyote. Nilimweleza mzee. Akaniuliza kama wataipaka mitambo grisi kwanza. Maana Wajerumani, walipoizamisha Liemba kwa mikono yao mwezi Julai 1916 isitekwe, waliipaka, na kwa sababu hiyo ilipoopolewa mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado hai, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Nikamwambia kwamba cha huko kwa sehemu kubwa kitaungua kabla ya kufika majini. Akaishika karabai yake, akaitikisa karibu na sikio kusikiliza kama bado ina mafuta.