Vita juu ya meza: dadu moja inamwambia komanda nini

Watu wazima wawili wameinama juu ya meza. Kati yao kuna kilima cha kartoni, mto uliopakwa rangi ya buluu, nyumba tatu ndogo, na askari wengi wa plastiki ambao hata urefu wa kidole gumba hawafiki. Mmoja ameshika mita kama ya fundi mbao. Anapima, anasogeza kikosi chake mpaka kwenye ukuta. Mwenzake anarusha dadu, ile ile ya pande sita ambayo watu wanachezea ludo, anahesabu, kisha anaondoa askari watatu mezani. Hakuna anayepiga kelele. Pembeni kuna chai.

Hapo ni Uingereza, siku ya mapumziko, na mambo kama hayo yanafanyika pia Ujerumani, Ufaransa na Marekani. Kuna watu ambao wanatumia jioni nyingi kupaka rangi kofia za askari mmoja mmoja na burashi nyembamba sana, halafu wanawapanga vitani.

Mtu wa Kivu au wa Ituri akiona vile anaweza kukasirika. Vita imekuwa mchezo? Ni swali la haki. Lakini kabla ya kulijibu inafaa kufahamu mchezo wenyewe unafanya kazi namna gani, sababu ndani ya sheria zake kuna mawazo juu ya vita ambayo hata wakubwa wa jeshi waliyachukua kwa uzito.

Tuanze na dama, ile watu wanacheza chini ya barza na vifuniko vya chupa. Kwenye dama unaona kila kitu. Kete yako haichoki, haiogopi, haikatai. Ukiitaka pale inaenda pale. Vita haiko hivyo, na kila mtu aliyewahi kukimbia usiku anajua. Basi mtu anayetunga mchezo wa vita ana kazi moja ngumu: lazima aamue ni kitu gani kitamzuia komanda kufanya anachotaka. Jibu lake likiwa zuri, mchezo unakuwa mzuri. Likiwa baya, inabaki dama yenye sanamu za bei kali.

Jibu la kwanza lenye nguvu lilitoka Prussia, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa iko ndani ya Ujerumani na Poland. Mwaka 1824 ofisa kijana wa mizinga, von Reisswitz, alitoa sheria za mchezo ambao baba yake alikuwa ameuanza na kumuonyesha mfalme mwaka 1812. Kijana alitumia ramani ya kweli. Vikosi vilikuwa vipande vidogo vya chuma, vya upande mmoja vyekundu, vya upande mwingine vya buluu. Kila zamu ilihesabiwa kama dakika mbili za vita. Na katikati aliweka mwamuzi.

Mwamuzi huyo ndiye siri ya mchezo wote. Wachezaji hawasogezi vipande wenyewe. Wanaandika amri kwenye karatasi, wanampa yeye. Adui ambaye bado hajaonekana hawekwi kwenye ramani. Ukituma kikosi nyuma ya msitu, unangoja habari, na habari inaweza kuchelewa kufika. Kumbe komanda hapigani na adui peke yake, anapigana pia na kutojua kwake. Mkuu wa majeshi ya Prussia wakati ule, jenerali von Müffling, aliupenda sana, na mchezo ukaenea katika jeshi. Von Reisswitz mwenyewe hakuishi kuona matunda: alijiua mwaka 1827. Prussia ilipoishinda Ufaransa katika vita ya 1870 na 1871, majeshi ya nchi zingine yalianza kuulizana ni nini maofisa hao wamekuwa wakicheza.

Lakini mwamuzi ni mtu, na mtu anaweza kuogopa ukweli. Mwaka 1942, kabla ya kwenda kupiga kisiwa cha Midway, wakubwa wa jeshi la maji la Japani walijaribu mpango wao mezani. Ofisa Mitsuo Fuchida alisimulia baada ya vita kwamba dadu zilitoa mabomu tisa ya adui yaliyogonga meli zao, na meli mbili kubwa zinazobeba ndege zikahesabiwa kuwa zimezama. Amiri Ugaki, aliyekuwa anasimamia mchezo, alipunguza mabomu yakawa matatu. Meli moja ikarudi juu ya maji palepale. Mwezi wa sita mwaka ule ule, huko Midway kwenyewe, Japani ilipoteza meli nne za namna hiyo kwa vita moja. Mchezo ulikuwa umesema. Mwenye kuusimamia ndiye alikataa kusikia.

Wanaocheza leo kwa kujifurahisha mara nyingi hawana mwamuzi. Wako wawili tu, na wanaonana wazi. Kwa hiyo watungaji wa sheria walitafuta njia nyingine ya kumfunga komanda mikono. Ile iliyo safi zaidi iko katika mchezo wa DBA, wa Mwingereza Phil Barker na wenzake, uliotoka mwaka 1990. Ni vita vya zamani, vya mikuki, panga na farasi. Kila upande una vikosi 12 tu, na meza ni ya sentimita 60 kwa 60.

Mwanzo wa zamu unarusha dadu moja. Namba inayotokea ndiyo amri ulizo nazo. Ikitoka 5, unatoa amri tano. Ikitoka 1, unatoa moja, hata kama upande wa kushoto watu wako wanaanguka na wa kulia wanangoja uwaambie waende. Mtu anayecheza mara ya kwanza anafikiri ni bahati tu. Akirudia mara tano anaanza kuona kitu kingine: vikosi vilivyosimama bega kwa bega vinasogea pamoja kwa amri moja, lakini vikitawanyika kila kimoja kinadai amri yake. Basi anayependa kukimbiza vikosi huku na huku anajinyima mwenyewe. Siku dadu ikimpa 1, jeshi lake lote linasimama kama gari bila mafuta, na mwenzake aliyetunza mstari wake anaendelea kutembea.

Kupigana pia ni kwa dadu. Kila kikosi kina nguvu yake kwa namba, unaongeza namba ya dadu, unalinganisha. Aliyepitwa kidogo kwa kawaida anarudishwa nyuma. Aliyepitwa mara mbili anaondoka mezani. Tuchukue vikosi viwili vyenye nguvu 4 kila kimoja, uso kwa uso. Ili cha kwanza kikimalize cha pili, lazima kitupe 6 na mwenzake atupe 1, sababu 10 ni mara mbili ya 5. Dadu mbili zina namna 36 za kuanguka, na hiyo ni namna moja tu. Watu wanaweza kusukumana hapo mpaka chai ipoe.

Sasa weka wenzako wawili pembeni, mmoja kila upande wa adui yule yule. Sheria inampunguzia 1 kwa kila upande uliobanwa, anabaki na 2. Hesabu tena: sasa namna za kummaliza ni 9 kati ya 36, yaani mara moja kila mara nne. Askari wako hajaongezewa hata ukucha wa nguvu. Umebadilisha tu fasi wenzake wanasimama. Ndiyo maana wazoefu wa mchezo huu hawaulizi sana nani ana kikosi kikali, wanaangalia mstari wa nani una tundu. Na jeshi likipoteza vikosi vinne kati ya 12, kuliko mwenzake, limeshindwa. Nane bado wamesimama, lakini imeisha. Mtungaji anataka kusema kwamba majeshi hayafi mpaka mtu wa mwisho, yanavunjika moyo mapema zaidi.

Michezo ya vita vya karne ya 20 inachukua woga kwa njia nyingine. Katika Bolt Action, kikosi kinachopigwa risasi kinaongezewa alama hata kama watu waliokufa ni wachache. Alama zikiwa nyingi, unakiambia kiende, kinalala chini. Tena nani anacheza sasa kunaamuliwa kwa kuchota dadu za rangi kutoka mfukoni bila kuangalia. Ni kanuni nzuri, yenye jasho.

Turudi basi kwa yule aliyekasirika. Mtu aliyewafungulia raia wa kawaida mlango wa mchezo huu ni mwandishi Mwingereza H. G. Wells, kwa kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913. Yeye hakutumia dadu kupiga mizinga: alikuwa na kanoni ya kuchezea yenye springi, inarusha kijiti cha mti, na askari aliyeanguka ameanguka. Alicheza sakafuni kama mtoto. Lakini mwisho wa kitabu aliandika dhidi ya vita ya kweli: kwamba anayejaribu mchezo huu mara chache ataona jinsi makomanda wanavyokosea, hata na askari wachache wa bati, na atajiuliza itakuwaje wakipewa watu wa nyama. Mwaka mmoja baadaye Ulaya ikawaka.

Moto huo ulifika mpaka huku. Septemba 1916 askari Wakongomani wa Force Publique, chini ya jenerali Tombeur, waliingia Tabora. Nyuma yao walitembea wapagazi wengi sana, vyakula na risasi kichwani, na wengi walikufa kwa ugonjwa, njaa na uchovu. Upande wa Waingereza ilikuwa vile vile: jina la Kariakoo pale Dar es Salaam lilitoka kwa kikosi cha wapagazi. Hapo ndipo michezo mingi ya meza ina upofu. Wells hakuweka mpagazi sakafuni, na DBA haina mama mwenye mtoto mgongoni anayevuka ule mto wa buluu. Zile nyumba tatu ndogo zina faida moja tu kwa sheria nyingi: zinakinga risasi. Hakuna anayelala ndani. Mchezaji mwaminifu anajua hilo na hadanganyi kwamba meza yake ni vita yote. Inamuonyesha komanda. Waliokimbia haiwaonyeshi.

Anayetaka kujaribu hahitaji kununua sanamu. Vifuniko 12 vya rangi moja na 12 vya nyingine vinatosha, pamoja na dadu mbili za ludo, rula, na kitambaa cha sentimita 60. Kipe kila kifuniko nguvu 4, weka mawe mawili yawe kilima, chora kimoja kiwe jenerali. Kisha panga mstari wako bila tundu, rusha dadu, na uone utafanya nini ikikutolea 1.