TARUMBETA HUFUNZWA KWA SAUTI NDOGO

Kila inapofika tarehe 12 Januari wananchi hukaa wakisikiliza tarumbeta za bendi za vikosi vyetu, na kila mwenye masikio huwa hakimu. Sauti ikitoka safi, watu hunyanyua vichwa. Ikipasuka, hata mtoto aliyebebwa mabegani hucheka. Mpigaji hana pa kujificha, kwani tarumbeta haina uzi wala ngozi. Kinachotetemeka ndani yake ni midomo ya mpigaji mwenyewe. Leo tunapenda kuzungumza juu ya njia ya kuiepuka aibu hiyo, njia ambayo wengi huipuuza kwa sababu haina kishindo: mazoezi ya sauti ndogo.

Sisi watu wa visiwani na mwambao si wageni wa vyombo vya kupuliza. Lamu kulikuwa na siwa ya shaba, na Pate siwa ya pembe ya ndovu, zikipulizwa katika shughuli za heshima. Wazee wetu walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa pwani walizichukua bendi za kizungu wakazigeuza kuwa zao, wakaziita beni, na mpaka leo harusi ya mjini Unguja ikipitishiwa beni hujulikana mtaa mzima. Basi tunaposema habari za tarumbeta hatusemi habari za watu wengine.

Pamoja na hayo, mazoezi yetu mengi yana kasoro moja. Kijana akikabidhiwa tarumbeta, jambo la kwanza analolitaka ni asikike mpaka mtaa wa pili. Hujaza kifua, hukaza shingo, hukibana kikombe cha kupulizia juu ya midomo, kisha hupiga kwa nguvu zake zote. Sauti hutoka, naye hudhani amejua. Lakini nguvu ile ndiyo inayoficha makosa yake. Midomo isipokutana sawasawa, wingi wa pumzi huilazimisha itetemeke hivyo hivyo. Kikombe kikikandamizwa, damu haipiti vizuri midomoni, misuli huchoka upesi, na midomo huvimba. Baada ya nusu saa kijana hawezi tena kuzifikia sauti za juu, hukandamiza zaidi, na madhara huongezeka. Wako waliokiacha chombo wakidhani hawakujaaliwa kipaji, kumbe walikosa mafunzo.

Sauti ndogo haifichi kitu. Pumzi inapokuwa chache, midomo hailii ila ikiwa imekutana barabara, bila ya kubanwa na bila ya kuachana. Kosa dogo likitokea, sauti hukatika papo hapo. Kwa hivyo mwanafunzi hufunzwa na chombo chenyewe, hata kama mwalimu hayupo. Na kwa kuwa midomo haiumizwi, huweza kufanya kazi muda mrefu zaidi.

Jambo hili halikuzuliwa leo. Herbert L. Clarke, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1867, alikuwa mpigaji mashuhuri wa koneti, chombo kilicho ndugu wa tarumbeta, katika bendi ya John Philip Sousa. Kitabu chake cha mazoezi kilichotoka mwaka 1912 kingali kinatumiwa na wapigaji duniani. Humo anamtaka mwanafunzi azipige noti nyepesi nyepesi, kwa sauti ndogo kabisa, azirudie mara nyingi kwa pumzi moja, wala asikandamize. Huyu ni mtu aliyekuwa akisimama peke yake mbele ya bendi nzima na kusikika katika viwanja vikubwa. Hapana shaka alijua anasema nini.

Mazoezi yenyewe hayana siri. Mwanafunzi huanza na noti ya katikati, wala si ya juu. Huvuta pumzi kwa utulivu mpaka chini ya mbavu, huacha koo wazi, kisha huianza sauti kwa pumzi tu bila ya kuigonga kwa ulimi. Huishika kwa hesabu ya nane au kumi na mbili, ikiwa nyembamba kama uzi lakini imenyooka. Kisha huteremka nusu sauti, akafanya vivyo hivyo, mpaka zile nzito. Ndipo anaporudi kupanda kidogo kidogo. Kila anapopiga hupumzika muda ule ule aliopiga. Robo saa ya namna hii kila asubuhi inatosha kwa mwanzo. Midomo ikishazoea, huikuza sauti taratibu mpaka iwe kubwa, kisha huipunguza mpaka ipotee bila ya kupasuka.

Lakini tuonye. Sauti ndogo si pumzi dhaifu. Anayeipata kwa kubana koo au kuikaza midomo hajifunzi ila kosa jengine. Wala hatusemi kwamba bendi ipige gwaride kwa mnong'ono. Uwanjani lazima isikike, na mpigaji hana budi kuifanyia mazoezi sauti kubwa pia. Tunachosema ni kwamba sauti kubwa iliyo nzuri hujengwa juu ya ndogo iliyo safi. Isiyojengwa hivyo ni ya debe tupu, ambalo haliachi kuvuma.

Hapa tunawageukia viongozi. Mkubwa akipita nje ya chumba cha bendi asisikie kishindo, ni rahisi kudhani kwamba watu wamelala, akatoa amri wapige nyimbo za gwaride ili kazi ionekane. Amri hiyo hugharimu. Tunaomba wakuu wa vikosi na wa skuli zenye bendi wauhesabu muda wa mazoezi ya kimya kuwa ni kazi kamili, wautengee saa na chumba, na wasiwahukumu wapigaji kwa kelele za asubuhi bali kwa usafi wa sauti siku ya shughuli. Si lazima kusubiri fungu la fedha. Ni mpango tu.

Kwa vijana wetu wa mjini, wanaoishi ukuta kwa ukuta na majirani, njia hii ina kheri ya pili: mtu huweza kujifunza chumbani kwake bila ya kumwamsha mgonjwa wala mtoto mchanga. Asikate tamaa kwa kuwa hakuna anayemsikia. Siku atakapotakiwa kupiga tarumbeta ya maombolezo peke yake, na umati wote umenyamaza, noti ile ya mwisho inayofifia haitamtii ila akiwa aliizoea mapema. Kimya kingi kina mshindo mkuu.