Mpini na Msuka

Mwalimu akifundisha huku Kitomanga, kaskazini ya Lindi, asikubali mtoto aandike "mkono wa shoka." Sufuria ina mkono, ndoo ina utambo, bali chombo chenye makali kina mpini, na kikiwa kidogo, kama kisu, kina kipini. Kipini tena ni jina la pambo la puani la wanawake wa pwani hii.

Katika shoka la mhunzi, chuma ndicho kiingiacho mtini. Nyuma yake pana msuka, yaani ncha ndefu, nao hupenyezwa katika tundu lililotobolewa kwa chuma cha moto. Kichwa cha mpini huachwa kinene kama rungu, kisipasuke. Kila pigo huzidi kuukaza msuka. Shoka la dukani ni kinyume: tundu li katika chuma, na mti ndio uingiao, ukakazwa kwa kabari. Mti ukikauka husinyaa, chuma kikalegea.

Sisi wenyewe tulikosa hapo. Mpini wa shoka la shule ulipovunjika, tulichonga mwingine wa mpingo, kwa kuwa ni mti mgumu, na, tukiri, kwa kuwa wapendeza macho. Mzee jirani akatwambia, "Mwalimu, huo ni wa kisu, wa shoka tafuta mkole." Hatukumsikia. Siku ya tatu chuma kilichomoka, kikapita karibu na sikio la kijana aliyekuwa akikusanya kuni. Habari ya ajali kama hiyo imo katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 19. Tulikuwa tumeusoma miaka mingi pasipo kuliogopa shoka.

Mpingo ni mzito hata huzama majini, wala haunesi. Kishindo chote hurudi mikononi na kwenye kabari. Mkole hunesa.

Lakini kwa kisu mpingo hauna mfano. Hutumika kiini cheusi, si tabaka jeupe la nje. Msuka hutiwa moto hata uwe mwekundu, ukajichomea njia. Kisha noleo, pete ya chuma au shaba, huzuia mti usipasuke. Kiini hicho hicho hupelekwa Ulaya kufanyiwa zumari, nao mti huchukua miaka 70 hata 100 kabla ya kufaa kuvunwa. Basi hata kipande kifupi si cha kutupa.

Shoka la shule sasa lina mpini wa mkole. Ule wa mpingo tuliukata, tukapata vipini vitatu.