Uvimbe wa Taya na Kirusi Kinachojificha

Ukishuka kutoka Butembo, mashariki mwa Kongo, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ukafika Kamango upande wa bonde la Semliki, baridi inaisha, joto na mbu vinaanza. Kwa mtoto, tofauti hiyo ya mwinuko ina uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alitazama dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake, uso umeharibika vilevile. Mwaka 1961 alizunguka kwa gari hospitali nyingi za Afrika akiuliza uvimbe huo unapatikana wapi. Karibu na Ikweta, juu ya mita 1,500 hivi, ulikuwa nadra. Kwenye malaria ya mwaka mzima, ulikuwepo.

Ni limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu aina ya B. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona kirusi ndani yake. Watu wazima karibu wote duniani wanacho, na wengi hakiwaumizi. Mbona basi kinga ya mwili haiziui chembe za uvimbe zilizokibeba?

Kwa sababu kirusi kimenyamazishwa. Juu ya herufi C ya DNA hubandikwa kikundi kidogo cha kemia, methili. Maandishi hayabadiliki, ila jeni iliyofunikwa haisomwi tena. Katika uvimbe huu DNA ya kirusi imejaa methili, na mara nyingi hutoa protini moja tu, EBNA1, ambayo kinga huitambua kwa shida. Wakati huohuo jeni ya MYC, iliyohama kromosomu, inaamuru chembe zigawanyike bila kukoma. Malaria ya mara kwa mara huzidisha chembe B, na makosa ya namna hiyo huongezeka.

Dawa za kuondoa methili zipo: azasitidini iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa maradhi ya uboho. Lakini limfoma hii ilianza kupona Kampala tangu miaka ya 1960 kwa siklofosfamidi, dawa ya bei nafuu kuliko hizo.

Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mzazi, na wewe muuguzi wa kituo cha afya: taya ikivimba na meno ya mtoto yakilegea, msiishie kung'oa jino. Mpelekeni hospitali wiki hiyohiyo.