Je, Wajua? Boti Kuukuu Nayo Ina Bima

Najua unacheka. Karatu, mji wa vitunguu na magari ya watalii, halafu mtu anakuletea habari za bima ya boti! Ngoja kwanza. Wilaya hiyohiyo ina Ziwa Eyasi, mita 1,030 hivi juu ya usawa wa bahari. Kiangazi kikikaza, sehemu kubwa unaipita kwa miguu. Mvua zikikubali, wavuvi wanarudi majini.

Je, wajua kuwa dhamana ya boti ni kongwe kuliko sarafu? Zaidi ya miaka 3,700 iliyopita, sheria za Mfalme Hammurabi wa Babeli zilisema hivi: boti ikianza kuvuja ndani ya mwaka mmoja, fundi aliyeiunda aifumue na kuitengeneza imara kwa gharama yake. Mwambie fundi wako maneno hayo leo, uone atakavyokutazama.

Mmoja wa mikataba ya bima ya kale zaidi iliyobaki uliandikwa Genoa, Italia, mwaka 1347. Ulihusu nini? Meli! Bima ya gari lako ni mtoto wa juzi.

Na soko mashuhuri la bima duniani, Lloyd's ya London, lilizaliwa wapi? Kwenye duka la kahawa, miaka ya 1680. Ndani ya jengo la Lloyd's ipo kengele ya meli Lutine; meli ilizama 1799, kengele ikaopolewa 1858. Desturi ilikuwa kuigonga mara moja chombo kikipotea, mara mbili kilichochelewa kikirudi.

Hapa kwetu je? Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa 1963. Kuanzia 1967 hadi sheria ya 1996 ilipofungua milango, Tanzania Bara haikuwa na kampuni nyingine ya kumkimbilia. Kuchagua bima ni anasa ambayo babu yako hakuijua! Leo kampuni ni nyingi, na zote zinasimamiwa na mamlaka moja, TIRA.

Sasa njoo kwenye uzee wenyewe. Katika masharti ya kimataifa ya bima ya mizigo, meli ya kawaida ikivuka miaka 15 huhesabiwa imezeeka, na mzigo wake unaweza kutozwa ada ya ziada. Miaka 15! Land Cruiser za kupandisha wageni Ngorongoro zinasikia na kucheka.

Uzee hauui chombo, lakini. Unaijua MV Liemba ya Ziwa Tanganyika? Iliundwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa katika makasha 5,000 na kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, ila mafundi walizipaka injini grisi nene kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927, na ikaendelea kubeba abiria hadi karne hii. Mtathmini wa bima angeanzia wapi hapo?

Hili likukae kichwani, kwa kuwa ndilo lenye hela. Ukikubaliana na kampuni kuwa boti yako ina thamani ya shilingi milioni 20 na mkataba ukaandika hivyo, basi ikizama yote, hesabu ni milioni 20, mradi hukudanganya. Hivyo ndivyo isemavyo sheria ya Uingereza ya 1906, mama wa mikataba mingi ya bima za majini. Lakini mkataba ukisema “thamani ya sokoni”, ole wako na boti ya zamani! Bei ni ya siku ya kuzama, na soko halina huruma kwa kuukuu. Mimi ningeuliza swali hilo kabla hata ya kuuliza ada.

Zamani meli ya mbao ikitengenezwa kwa vifaa vipya, bima ilikata theluthi moja ya gharama. Hoja ya kampuni za bima: umeharibikiwa mbao nzee, unapewa mpya, faida hiyo ya nini?

Boti inayoweza kufika kilomita 31 kwa saa hivi ilikuwa “ya kasi” katika masharti ya London ya boti za starehe ya 1985, na ikawekewa kifungu chake peke yake. Bodaboda wa Karatu anaipita huku akiongea na simu!

Masharti hayohayo yana kali zaidi. Injini ya kubandika nyuma ikichomoka yenyewe na kutumbukia majini? Hulipwi. Kwa hiyo kaza skrubu, funga na mnyororo.

Na ile sheria ya 1906 inamtaja nani, unadhani? Panya! Bima hailipi uharibifu uliosababishwa na panya, labda mkataba wako useme vinginevyo. Una paka?