Mgeni Hewani: Nani Anachunga Wanaotumia Masafa Bila Leseni?

Wateja hutuuliza: mbona simu ina mistari yote ya mtandao, lakini pesa inakwama? Sababu ni nyingi. Leo tuangalie moja isiyozungumziwa sana, yaani watu wanaotumia masafa ya redio bila leseni.

Si wote ni wezi. Mwaka 2013, karibu na Nanyuki, mradi wa Mawingu ulianza kupeleka intaneti shuleni na kwenye zahanati kupitia masafa ya televisheni ambayo hapo hayakuwa na kituo. Mwenye leseni ni kituo cha TV. Huyu mwingine ni mgeni, anaketi kwenye kiti kilicho wazi, na mwenyewe akifika anainuka.

Shida ni kujua kama kweli ameinuka. Njia ya kwanza ni mtambo wenyewe kusikiliza kabla ya kurusha mawimbi. Lakini ukiwa bondeni nyuma ya kilima, hausikii mlingoti wa TV, basi unadhani pako wazi na kumbe unamharibia jirani picha. Kuna pia mtambo mjanja unaoiga sauti ya mwenye leseni ili wageni wengine wakimbie, ubaki peke yake. Kwa hiyo siku hizi hutumika zaidi daftari la mtandaoni. Mtambo unasema uko wapi, daftari linaujibu utumie chaneli gani, kwa nguvu kiasi gani na kwa muda gani. Uingereza ilichagua dakika 15 tu, kisha mtambo uulize tena. Ukinyamaza, ruhusa imekwisha.

Kwa maoni yetu mpango huo ni mzuri, ila unamchunga tu anayejiandikisha.

Ile busta ya kuvuta mtandao iliyofungwa juu ya duka haiko kwenye daftari lolote. Inakuza mawimbi ya simu pamoja na kelele, na kelele hiyo inaufikia mnara unaohudumia mtaa mzima. Kuipata, mafundi huzunguka na gari lenye antena inayoonyesha mawimbi yanatoka upande gani. Si kazi ya dakika tano.

Na hapo ndipo pesa yako inapoingia. Muamala unaweza kupita, halafu ujumbe wa kuthibitisha ukapotelea kwenye hiyo kelele. Wewe unaona kimya, unatuma tena, na sasa mwenye duka amelipwa mara mbili. Ukiona kimya, angalia salio kwanza, au taarifa ya miamala. Kama pesa imetoka, usirudie. Mwonyeshe muuzaji aangalie upande wake pia.

Ikiwa tatizo ni la mahali pamoja kila siku, piga simu kwa kampuni ya laini yako, uwaambie mtaa, jengo na saa. Habari hiyo ndiyo inayowaambia mafundi waanze kutafuta wapi. Na fundi akikuuzia busta, muulize kwanza kama imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Akianza kuzungukazunguka, weka pesa yako mfukoni.