Utaratibu wa Mwanafunzi

Mwezi huu twapenda kunena nanyi, wazazi na walimu, juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni utaratibu wa mwanafunzi: kujua vitu vyake viko wapi, kazi yake ni ipi, na saa yake ni ipi.

Sisi wa Saadani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Zamani za misafara bandari yetu, kama Bagamoyo, ilikuwa mlango wa bara. Kutoka hapa, mwaka 1877, Alexander Mackay wa misioni ya CMS alikata njia hata Mpwapwa, maili 230. Msafara haukutoka pwani ovyo. Mitumba ya nguo na ushanga ilipimwa, kila mpagazi mzigo wake, yapata ratili 60 au 70, na wanyapara walijua nani amechukua nini. Kwa maana kilichosahauliwa pwani hakikupatikana tena porini.

Katika habari za misafara hiyo iko moja itufaayo kuliko zote, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa misioni. Jacob Wainwright alikuwa kijana wa Kiafrika aliyeokolewa utumwani, akasomeshwa katika shule ya misioni huko Nasik, Bara Hindi. Mwaka 1872 alipelekwa bara pamoja na wenzake kumfuata David Livingstone. Hata Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mwanzo wa Mei 1873, Susi na Chuma, wakubwa wa msafara, waliwakusanya watu wote. Masanduku yakafunguliwa mbele ya macho yao, na Jacob akaambiwa aandike kila kitu kilichomo. Akaandika katika kitabu kidogo cha marehemu mwenyewe.

Angalieni sana, ndugu. Ni saa ya msiba, ugenini, bwana wao amelala maiti, nao wanaandika orodha! Wala si kwa sababu mioyo yao ilikuwa migumu. Walijua kwamba wakifika pwani wataulizwa, na mtu asiye na orodha hana jibu ila kuapa.

Walichukua maiti na vitabu vyake kwa muda wa miezi tisa hivi, na wengine wao walikufa njiani. Unyanyembe walikutana na Luteni Cameron, aliyetaka maiti izikwe huko, wakakataa. Akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia kwa safari yake mwenyewe, lakini vitabu vya habari vikaendelea. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na maiti ikawekwa katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Jacob akafuatana nayo hata Uingereza, akawa miongoni mwa walioshika jeneza huko Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Habari zile zikapigwa chapa mwaka huo huo.

Sasa tutazame nyumba zetu. Mtoto aamka alfajiri. Daftari la hesabu halionekani, penseli imechukuliwa na mdogo wake. Afika shule amechelewa, na akili imechoka kabla ya somo la kwanza. Mwalimu amwita mvivu. Sisi hatukubali upesi. Mara nyingi kosa ni la nyumba. Mtoto asiye na mahali pake pa kuweka kitu, ataweka wapi? Na binti zetu je? Akifungua kitabu, aitwa achote maji. Akirudi, aitwa ampokee mtoto. Akiketi tena, taa yazimwa kwa kuokoa mafuta. Kisha twasema hana mpango! Wavuvi wetu huzijua siku za bamvua na siku za maji mafu, wala hawashushi ngalawa saa yoyote tu. Mbona saa ya masomo ya mtoto haina heshima ya namna hiyo?

Wako wasemao kwamba utaratibu ni mambo ya matajiri wenye meza na makabati. Sivyo. Kijana yule alikuwa na kitabu kidogo tu, tena si chake. Sanduku la mbao latosha, au kikapu, na msumari ukutani wa kutundikia mkoba. Kila somo na liwe na daftari lake, na tarehe juu ya ukurasa. Ukurasa wa mwisho uwe wa kazi alizopewa, kila moja ikatwe mstari ikiisha. Kazi ya wiki nzima igawanywe kwa siku, isingoje Jumapili usiku. (Nanyi walimu, madaftari mkiyakusanya, yarudisheni siku mliyoahidi.)

Na jioni, baada ya sala, mtoto apange vitu vya kesho na kuisoma orodha yake kwa sauti mbele ya wote nyumbani. Baba asiyejua kusoma naye aweza kusikia, na kuuliza, “Na hicho umekwisha kukitia?”